Vichwa Kumi na Viwili

Niliwatangazia wanaume kumi na wawili, wenye nguvu zao na watoto wao, kwamba kesho asubuhi kabla maji hayajajaa vitakatwa vichwa kumi na viwili. Nakiri mwanzo kabisa, asije mtu akasema nimezungukazunguka. Nilisema kwa sauti, nimesimama juu ya mfuko wa saruji ili nionekane, na nilipomaliza niliuma shavu kwa ndani nisicheke. Tena nililosema lilikuwa kweli tupu. Mwalimu wetu wa Kiingereza angenipa alama zote. Ndiyo maana hadi leo sijaelewa vizuri kwa nini nilichapwa na watu wa dini mbili.

Daraja letu lilianza kujengwa kabla sijazaliwa, ila lilikuwa likijengwa kwa mdomo. Wazee wanasema Mdachi alikuja akapima mto, akachomeka chuma kimoja ukingoni, akaenda zake. Mbuzi wa kijiji kizima wakapata mahali pa kujikunia. Akaja Mwingereza, akakiona chuma cha Mdachi, akachomeka chake kando. Baada ya vita vya pili wakaja wengine na vijibendera vyekundu, nasi watoto tukavivaa siku ya Idi. Kila aliyekuja aliuliza maji yanajaa hadi wapi, na kila alipojibiwa aliandika, kana kwamba yule aliyemtangulia alizikwa pamoja na daftari lake.

Mto wenyewe si mkubwa. Uko kati ya Kigombe na Pangani, na ukiuona maji yamekupwa utaudharau: mikoko, kaa, na matope yanayommeza mtu hadi kiunoni. Lakini maji yakianza kujaa, bahari huingia kwa pupa kama mgeni aliyesikia harufu ya pilau. Siye tulivuka kwa mtumbwi wa mzee mmoja aliyekuwa kiziwi kwa wanaoomba kuvushwa bure tu. Malori ya mkonge hayakuweza kupanda mtumbwi, yakawa yanazunguka hadi Muheza. Basi siku serikali ilipogundua kwamba malori yanachelewa, ikagundua pia kwamba sisi raia tunateseka.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuja kututangazia. Alisema daraja ni kwa faida yetu, na ya watoto wetu, na ya wajukuu wetu. Alipofika kwenye wajukuu, lori la mkonge lililoleta viti vya wageni likapiga honi, akaruka. Jumbe wetu akashukuru kwa niaba ya wote, kisha akauliza swali moja tu: mto umeshapewa nini? Kwetu hakuna anayesimamisha kitu kizito juu ya maji bila kuyapa maji haki yake. Hata mwenye kutega uzio wa samaki huchoma ubani kidogo. Jumbe alitaka mbuzi mweusi.

Bwana Shauri akacheka kwa adabu. Injinia, kijana mrefu aliyeungua na jua puani, hakuwa na adabu hiyo. Akasema kwa Kiswahili chake, "Daraja nasimama juu ya zege. Hapana juu ya mbuzi."

Watu wakatazamana. Kama mbuzi kakataliwa, basi kuna kitu kingine kimeandaliwa. Kitu gani, hakuna aliyeuliza. Lakini yaliposhushwa mapipa ya rangi nyekundu, ile ya kupaka vyuma visile kutu, nyapara wa vibarua alifungua moja, akachungulia, akarudisha kifuniko taratibu, akafanya ishara ya msalaba. Alikuwa Mkatoliki kutoka mashamba ya mkonge, mtu mzima mwenye mwili wa kubomolea ukuta, na aliamini habari za mumiani, wale wanyonya damu za watu, kuliko mimi ninavyoamini hesabu.

Kijijini kwetu alikuwako mtu mmoja tu aliyelipenda daraja lile kwa moyo, naye ni mama yangu. Malori hayakumhusu. Dada yangu aliolewa ng'ambo, na siku ya kupelekwa kwa mumewe mtumbwi ulipinduka katikati ya mto, yeye na hina yake na marashi yake na mawifi wawili wanene. Tangu siku ile hapandi chombo chochote, hata beseni. Sasa alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza hazaliwi ukweni. Binti hurudi kwa mama yake, akajifungulia pale alipozaliwa mwenyewe, akakandwa na mikono anayoijua, akakaa arobaini yake, ndipo arudi kwa mume na mtoto begani. Mama asiyepata kumkanda mwanawe uzazi wa kwanza husemwa hata msibani.

Mama mkwe wa dada alianza chokochoko mapema. Alituma neno kwa mzee wa mtumbwi: "Mwambieni mkwe wangu, kama binti haogopi ila maji, na azalie hapa hapa. Kwani hapa porini?"

Mama akarudisha jibu kwa mtumbwi ule ule: "Mwambieni, daraja laja. Mwanangu atavuka kwa miguu yake."

Akakipaka chokaa chumba cha uani. Akasuka mkeka mpya. Kila alasiri alikwenda ukingoni, kanga kichwani, akakagua kazi kuliko injinia.

"Ile nguzo ya ngapi?" aliniuliza.

"Ya tisa, mama."

"Jana ilikuwa ya tisa."

"Jana waliigonga, leo wanaigonga tena. Imegoma kuzama."

"Iambieni kuna mtu anaingoja," akasema, na hakuwa anatania.

Mimi nilikuwa nimekuja likizo kutoka shule, Tanga. Karani aliyekuwa mkalimani wa injinia akashikwa na homa, akarudishwa mjini akitetemeka ndani ya mablanketi mawili. Injinia akabaki na Kiswahili chake, ambacho nusu yake ilikuwa "ile kitu". "Wewe leta ile kitu ya kupiga ile kitu," alisema, na vibarua walimletea nyundo, wakamletea chai, na siku moja wakamletea mpishi. Jumbe akakumbuka kwamba yuko mwanafunzi kijijini. Nikaitwa, nikawa mdomo wa serikali, ujira wangu biskuti za kopo.

Ukalimani ni kazi tamu kwa mtu mwenye tabia zangu. Injinia alipowaambia vibarua kwa kirefu kwamba ni wavivu na vichwani mwao mna upepo, mimi nilisema, "Bwana anawasalimu." Wakajibu kwa pamoja, "Salama, Bwana!" Akadhani wametubu. Nyapara alipomlaani injinia na ukoo wake hadi kwa bibi mzaa bibi, nilifasiri kwamba anaomba kamba nyingine. Alipewa kamba. Siku zile palikuwa na amani mtoni ambayo haijaonekana tena.

Sasa habari ya vichwa. Nguzo zilikuwa kumi na mbili, za zege, zimegongwa mtoni kwa chuma kizito kinachovutwa juu kwa kamba na kuachiwa. Chini ya mto huku ni mwamba na kule ni matope, basi nyingine zilizama na nyingine zikakataa, zikabaki ndefu na fupi kama meno ya mzee. Ili boriti zilale sawa, ncha zilizozidi lazima zikatwe zote kwa kimo kimoja, na kwa Kiingereza ncha ile huitwa kichwa. Jioni ile injinia alijifuta mikono akaniambia, nami naliweka hapa neno kwa neno: kesho asubuhi, kabla maji hayajajaa, tutakata vichwa vyote kumi na viwili.

Nikapanda juu ya mfuko wa saruji. Ningeweza kusema "vichwa vya nguzo". Ni nyongeza ndogo, haichoshi ulimi. Lakini niliwatazama wale vibarua wamekaa mstari mmoja wakingoja, nikajikuta nawahesabu. Kumi na wawili. Mtu mwema angeshuka pale pale.

"Bwana anasema kesho asubuhi, kabla maji hayajajaa, tutakata vichwa. Vyote kumi na viwili."

Kaa wakasikika wanavyotembea matopeni.

"Vichwa vya nani?" nyapara akauliza.

"Hakutaja."

"Muulize."

"Mjomba, mimi nimetumwa maneno, sikutumwa maelezo."

Nyapara akawahesabu watu wake kwa kidole. Akajitia na yeye, wakawa kumi na watatu. Akajitoa, wakawa kumi na wawili. Uso ukamnawiri kidogo. "Basi mimi simo," akasema.

"Humo vipi?" akaruka kibarua mmoja Mdigo. "Kichwa chako ndicho kikubwa kuliko vyote! Wataanza na hicho hicho!"

"Kabla maji hayajajaa," mwingine akanong'ona. "Mwaona? Ili maji yaje yasafishe."

"Na mbuzi alimkataa."

"Na yale mapipa, je?"

Injinia alipoona watu wanaijadili kazi kwa bidii namna ile, akafurahi. Akaona awasaidie kwa ishara. Akaunyoosha mkono, akaupitisha hewani kwa ukingo wa kiganja, fyuu, kwenye kimo cha shingo ya mtu. "Yote sawasawa," akasema, na hicho ndicho Kiswahili safi kuliko chote nilichopata kumsikia nacho. "Kesho. Mimi nakata ya kwanza."

Kulipokucha kambi ilikuwa tupu. Sufuria ya uji ilikuwa ingali juu ya mafiga. Nyapara aliacha kofia yake juu ya mti, nadhani ili mumiani wapate japo hiyo. Injinia alikuwa ukingoni, patasi zake amezipanga juu ya turubai, akaniuliza watu wako wapi. Nikamjibu kwa Kiingereza changu bora kwamba sijui. Hiyo nayo ilikuwa kweli, maana sikujua wameshafika wapi.

Walikuwa wamefika mbali. Kigombe ilisikia vichwa kumi na viwili. Pangani ikasikia mia. Habari ilipofika Tanga, vilikuwa vinapakiwa melini. Injinia akaenda mashambani kutafuta vibarua wengine. Walipomwona anashuka garini wakaingia katikati ya mkonge, mahali ambapo hata nyoka hupita kwa kuomba radhi. Wiki tatu nguzo zetu zilisimama mtoni na vichwa vyao, ndege wakivinyea.

Mimi nilicheka siku mbili. Hakuna aliyenishuku, kwa sababu kila mtu alisema "Mzungu kasema", na mdomo wa Mzungu hauulizwi. Siku ya tatu mama alirudi kutoka ukingoni akakaa kizingitini bila kuivua kanga.

"Wanasema kuna mtu aliyewafasiria vibaya," akasema, hakunitazama. "Huyo mtu, Mungu ampe ulimi wa ng'ombe, mrefu, mzito, asiweze hata kumeza."

Mimi nilikuwa nakula mhogo. Ukanikwama.

"Kunywa maji, mwanangu," akasema mama. "Ule taratibu."

Kisha yakaanza kuja maneno ya ng'ambo. Kwanza ya dada, kwa mzee wa mtumbwi: "Mama, tumbo limeshuka. Daraja vipi?" Mama akajibu, "Mwambieni ajikaze." Siku chache baadaye likaja la mama mkwe: "Mwambieni mkwe wangu asihangaike. Nami nimepaka chokaa chumba."  Mama akaenda chumba cha uani, akautoa ule mkeka mpya ambao hajaulalia mtu, akaukung'uta. Haukuwa na vumbi. Akaukung'uta tena.

Ndipo nikaenda kwa jumbe.

Jumbe akaita baraza. Vibarua waliokuwa wamejificha kwa jamaa zao wakaletwa, nyapara akaja na panga lake kwapani kwa tahadhari. Wanawake walikaa upande wao, na mama yangu alikuwa mbele. Injinia aliketi kwenye kiti cha jumbe akidhani ameitwa kunywa kahawa.

"Vilikuwa vichwa vya nguzo," nikasema.

"Nguzo ina kichwa?" nyapara akauliza.

"Ina."

"Shingo yake iko wapi?"

Baraza likaangua kicheko, nami nikacheka kidogo, jambo ambalo simshauri mtu yeyote aliyesimama pale niliposimama. Jumbe akainua mkono.

"Weye, kijana. Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua, jumbe."

"Ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Nilisema nusu."

"Nusu!" akasema mwalimu wa chuo cha Kurani, akainuka kutafuta fimbo. "Haya, njoo nami nikupe nusu yangu."

Alinichapa kwa niaba ya Waislamu. Alipomaliza, nyapara akasimama akasema Wakristo nao walikimbia, tena wamekimbia mbali zaidi, wana haki yao. Haki yao ikatolewa. Mama alitazama mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesubiri kupimiwa mchele.

Halafu nikaambiwa nimfasirie injinia kosa langu. Sijapata kufasiri kitu sawasawa namna ile. Alinisikiliza, akawa mwekundu kuliko mapipa yake, akasimama akatamka neno ambalo shuleni bado hatujalifikia.

"Anasemaje?" jumbe akauliza.

Nilitazama upande wa wanawake.

"Anakubali mbuzi," nikasema.

Baraza zima likashusha pumzi. Nyapara akalitoa panga kwapani akaliweka chini. Mbuzi mweusi akapatikana kabla injinia hajamaliza kutikisa kichwa, akachinjwa ukingoni, na kichwa chake kikafungwa kitambaa cheupe kikazikwa pale daraja linapoanzia. Injinia nilimwambia ni karamu ya kuanza kazi upya. Alikula sahani mbili. Wakaguzi wakija siku hizi hulisifu zege, na siye tunaitikia, ndiyo Bwana, zege zuri.

Vibarua wakarudi. Mimi nikapewa patasi na nyundo nikate vichwa pamoja nao, na nguzo ya tisa, ile iliyogoma kuzama, ndiyo niliyopewa peke yangu. Mikono ikatoka malengelenge. Nyumbani mama hakunisema. Alinitengea chakula kwanza, akaniwekea maji ya kunawa, akanikaribisha kwa upole kama mgeni wa kutoka Unguja. Nilikuwa naogopa upole ule kuliko fimbo.

Boriti zikalala. Mbao za juu zikaanza kupigiliwa kutoka kwetu, na katikati zilikuwa zimetangulia mbao mbili tu za kupitia mafundi, hadi ng'ambo. Zilibaki siku nane au tisa, mama alikuwa ameshaziweka vidoleni. Mchana mmoja, maji makuu ya bamvua yamejaa na mvua ya milimani imeshuka juu yake, tukamwona mzee wa mtumbwi ng'ambo anapunga kitambaa. Mtumbwi wake ulikuwa umepandishwa pwani. Mto ule hauvukiki. Akapaza sauti.

"Binti yako kashikwa na uchungu!"

Mama akafunga kanga kiunoni, akachukua chupa ya mafuta ya nazi ya kukandia, akalikabili daraja. Mimi nikamfuata. Injinia akatuona, akapiga kelele kwa Kiingereza kutoka ukingoni, ndefu.

"Anasemaje?" mama akauliza bila kugeuka. Lilikuwa neno lake la kwanza la kweli kwangu tangu barazani.

"Anasema daraja bado, tusipite. Mbao hazijapigiliwa, tutaanguka."

"Mwambie nimesikia," akasema, akakanyaga.

Maji yalikuwa yanapita chini yetu ya rangi ya chai ya maziwa, na magogo ndani yake. Mbao zilikuwa zinacheza. Mimi nilishika boriti kwa mikono miwili nikaenda kama kaa. Mama alikwenda wima, chupa mkononi, akitazama nyumba za ng'ambo. Miezi baadaye alikuja mkubwa mmoja kutoka Tanga, akakata utepe, karani akasoma kwenye karatasi kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza kulivuka daraja hili. Watu wote wakageuka wakamtazama mama yangu. Yeye alikuwa anautazama ule utepe, kama unafaa kufungia mtoto nywele.

Tulikisikia kilio cha mtoto kabla hatujaufikia ua. Mama akasimama. Vumbi la njia lilikuwa limemfika magotini. Nyumba ya watu ni nyumba ya watu. Hata uwe umemzaa aliyemo ndani, hupiti mlango wake kimya kimya.

"Hodi," akasema mama. "Hodi humu."

Akaipiga mara tatu, ndipo mama mkwe akatoka, uso unamng'aa, mikono yake yote miwili ina mafuta ya kukandia.

"Karibu mgeni! Karibu mkwe wangu! Mbona umechelewa? Mtoto wa kiume, na mama yake mzima, nimeshamkanda. Pita, pita, kaa hapo kwenye mkeka upumzike."

Mama akapita. Kutoka uani niliona kupitia mlangoni chumba cheupe kwa chokaa, na dada amelala, na mtoto akipita kwa mama mkwe, kwa wifi mmoja, kwa wifi wa pili, mpaka akamfikia mama mapajani. Akamtazama sana. Akamrudisha kwa utaratibu ule ule. Halafu akatoka uani na ile chupa yake ya mafuta ambayo haijafunguliwa, akaja akasimama mbele yangu.

Nilikuwa nimeshatayarisha mzaha, kwamba angalau mtoto kaja na kichwa chake. Nilipomwona macho nikaumeza.

Akasema: "Mjukuu wangu wa kwanza, nimempigia hodi. Chukua ndoo ile ukawachotee maji; hapa si kwetu, hatukai bure."